Dakika 26 nilizopoteza Moshi

Nilipanga kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, Moshi, kwa saa 1 na dakika 50. Nilimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 55. Tofauti ni dakika 26 kasoro sekunde tano, na kwa muda mrefu kila aliyeniuliza zimekwenda wapi nilimpa jibu moja: mlima. Ndilo jibu la karibu kila mtu anayerudi Dar es Salaam kutoka Kilimanjaro Marathon akiwa anachechemea, na halina anayelihoji. Nani atabishana na Kilimanjaro?

Jibu hilo si la kweli. Nimezipitia namba za saa yangu kilomita kwa kilomita, nikarudi Moshi mwaka uliofuata nikakimbia njia ileile, na sasa najua zilipopotelea. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa klabu za jogging watakaopanda basi la Moshi wakiwa na hesabu kama niliyokuwa nayo mimi. Nilikuwa na uhakika kabisa na hesabu ile, na uhakika ule ndio ulioniponza.

Nilichobeba kutoka Dar

Nina miaka 39, ni mhasibu, kazi yangu ni ya kukaa. Nilianza kukimbia baada ya daktari kuniambia presha imeanza kupanda, nikaendelea kwa sababu nilipenda. Jumanne na Alhamisi alfajiri ni kilomita 8, Jumapili ni 15 hadi 18. Njia yetu wakimbiaji wa upande ule wanaifahamu: Coco Beach, Barabara ya Toure, Daraja la Tanzanite, unatokea upande wa Aga Khan, unashika Barabara ya Barack Obama, unageuza. Daraja lile lina urefu wa kilomita moja na kidogo juu ya bahari, na ndilo lililokuwa mlima wangu pekee. Nikimaliza kulipanda nilikuwa najihesabu nimefanya mazoezi ya mlima.

Novemba nilikimbia kilomita 21 hapahapa Dar, njia tambarare, nikapata saa 1, dakika 54 na sekunde 30. Huo ni mwendo wa dakika 5 na sekunde 26 kwa kilomita. Nilimaliza nikiwa bado na nguvu. (Nasema kilomita 21, sisemi marathon, ingawa huku kwetu neno marathon limeshabeba kila mbio, hata za kilomita 5. Marathon ni kilomita 42 na mita 195, umbali uliotumika Olimpiki ya London mwaka 1908 na kufanywa rasmi mwaka 1921. Nimekutana na watu waliojiandikisha marathon bila kujua wamejiandikisha nini, ndiyo maana nalitaja.)

Kutoka Novemba hadi mwisho wa Februari kulikuwa na miezi mitatu ya mazoezi. Nikajiambia miezi mitatu inanipa dakika nne na nusu, basi Moshi ni saa 1 na dakika 50. Nikagawanya, nikapata dakika 5 na sekunde 13 kwa kilomita. Mhasibu akishapata namba huiamini.

Dada mmoja wa kundi letu, ambaye Moshi ameshakwenda mara tano, alinisikia nikiitaja. Akaniambia, "Kaka, Moshi chukua muda wako wa Dar, uongeze dakika kumi. Ukifanya hivyo utarudi unatabasamu."

Nikamwambia asante dada. Moyoni nikasema hesabu hiyo ni ya watu wasiojiandaa.

Asubuhi yenyewe

Nilifikia kwa shemeji yangu, Majengo. Usiku wa Jumamosi akanipikia mtori, nikala sahani mbili. Asubuhi, kabla ya kutoka, nilichukua kalamu ya wino wa bluu nikaandika mgongoni mwa mkono wa kushoto: 5:13. Nilitaka nikiinua mkono kutazama saa nizione namba zote mbili pamoja, ninayokimbia na ninayotakiwa kukimbia.

Njia ya kilomita 21 inaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Inapita barabara za mji, kisha inashika njia ya Mweka na kupanda katikati ya migomba na kahawa, inageukia juu, inarudi. Mweka ni upande uleule ambao wapanda mlima hushukia wakitoka kileleni. Alfajiri ile mlima ulikuwa wazi, theluji yote inaonekana, na watu walikuwa wanapiga picha huku wakisubiri kuondoka. Uzuri wa asubuhi ile sijausahau. Na baridi ile ya saa kumi na mbili nayo inadanganya, kwa sababu Februari ni mwezi wa joto Moshi, kabla masika hayajafungua, na jua likishatoka halina huruma.

Tukaondoka. Kilomita ya kwanza, 5:02. Nikajizuia kidogo. Ya pili, 5:08. Ya tatu, 5:11. Ya nne, 5:19. Jumla dakika 20 na sekunde 40, wakati mpango ulitaka dakika 20 na sekunde 52. Nilikuwa mbele ya mpango kwa sekunde 12 tu, na nilijiona mkimbiaji mwenye nidhamu.

Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Kilomita ya tatu saa ilionyesha mapigo ya moyo 171. Dar namba hiyo huwa naiona kilomita ya 19, nikiwa namalizia. Nikasema ni msisimko, itashuka.

Haikushuka. Barabara ilianza kuinama juu, na mimi nikaendelea kuukimbilia mwendo ulioandikwa mkononi. Kilomita ya 5 ilinipa 5:41, nikaongeza nguvu. Ya 6, 5:58, nikaongeza tena. Ya 7, 6:24. Kila mwendo ulivyopungua niliona nadaiwa, nikasukuma zaidi ili nilipe, na nikisukuma deni linakua. Kilomita ya 8 nilikuwa napumua kwa mdomo wote, sauti inasikika. Watoto walikuwa wamejipanga pembeni mwa barabara wananyoosha mikono tugonganishe viganja, na mimi sikuwa na nguvu ya kunyoosha wangu. Hilo linaniuma kuliko muda.

Kilomita ya 9 nikaanza kutembea. Hapo akanikuta mzee mmoja, amevaa singilendi iliyopauka, anakimbia hatua fupi fupi, mwili hautikisiki. Miaka sitini na kitu, kwa kumkadiria.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi, kijana?"

"Dar."

Akanitazama miguu, akanitazama uso. "Umezikimbia za Dar hizi. Sisi huku tunaanza tukishafika juu."

Akaendelea na hatua zake. Nilitazama mkono wangu. Jasho lilikuwa limeifuta ile namba, limebaki doa la bluu.

Kilomita ya 10 ilinichukua dakika 8 na sekunde 5, ya 11 dakika 7 na sekunde 50, natembea, nakimbia, natembea. Nilipofunga kilomita ya 11 saa ilisoma saa 1 na dakika 9 kamili. Nikapiga hesabu nikiwa naanza kushuka: nimechelewa zaidi ya dakika 11, lakini sasa ni mteremko, zitarudi. Nikauachia mwili. Kilomita tatu zilizofuata zilikuwa 5:28, 5:16 na 5:12. Nikafurahi. Nilikuwa nautupa mguu mbele, kisigino kinapiga lami, na kila kikipiga nilisikia mshindo unapanda hadi nyongani.

Kilomita ya 15 mapaja yalianza kutetemeka. Ya 17 yakawa magumu kama mbao. Ya 18 paja la kulia likabanwa misuli nikasimama, nimeshika nguzo, siwezi kukunja goti wala kulinyoosha. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alitoka kwenye meza yake akanimwagia maji ya chupa kwenye paja bila kuniuliza, akasema "pole baba, pole", akarudi kwa wateja wake. Kilomita ile moja ilinichukua dakika 8 na sekunde 40. Kutoka hapo hadi uwanjani sikushuka tena chini ya dakika 7 kwa kilomita.

Nilimkuta yule mzee uwanjani, amekaa kwenye nyasi, amevua raba, medali shingoni.

Washukiwa

Jumatatu yake, ndani ya basi, nikishuka vituoni kinyumenyume kwa sababu mapaja yalikataa ngazi, nilianza kuandika orodha ya sababu kwenye simu.

Ya kwanza ni hewa. Wengi wa Dar wakirudi husema hewa ya kule ni nyepesi. Kilele kiko mita 5,895, na namba hiyo inatisha mtu hadi akadhani amekimbia kileleni. Lakini uwanja wa Ushirika uko kwenye mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari, na juu kabisa ya njia yetu ni kama mita 300 zaidi. Kwa urefu huo mtu wa pwani huenda akapungukiwa kidogo sana. Haiwezi kula dakika 26.

Maji. Hapa nina kosa. Vituo viwili vya kwanza niliviruka ili nisipoteze sekunde, kisha juu nikanywa vikombe vitatu mfululizo, tumbo likacheza. Ni kosa la kweli na sitalirudia. Lakini kutetemeka kwa paja hakukuanzia tumboni.

Chumvi na ndizi. Kila ukibanwa misuli mtu atakuambia umepungukiwa chumvi. Wataalamu wengi wa misuli siku hizi wanaelekea zaidi kwenye uchovu wa msuli wenyewe, na kisa changu kinawaunga mkono: kama ni chumvi ya mwili mzima, kwa nini vigimbi havikubanwa, wala mikono, wala tumbo? Ulibanwa msuli mmoja, wa mbele ya paja, ndio uleule uliofanya kazi ya breki kwa kilomita tatu nzima.

Na hapa inafaa kueleza, kwa sababu mimi sikujua. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja huku unasukuma. Ukishuka unafanya kinyume: unarefuka huku umebeba uzito wa mwili wote, kila hatua, ili usianguke mbele. Kazi hiyo haikuchoshi pumzi, ndiyo maana unajiona unapaa, lakini inachanachana nyuzi za msuli kwa ndani. Maumivu yake hayaji siku ileile. Yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu, na ndiyo yaliyonishusha kwenye basi kinyumenyume. Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka: ukiupa mteremko mara chache tu kabla, unajiimarisha, na kinga hiyo inadumu kwa wiki kadhaa. Mimi paja langu lilikutana na mteremko wa kweli kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Mtori wa shemeji hauna hatia. Raba pia hazina hatia, ingawa kucha moja ya kidole gumba ilitoka.

Akabaki mshukiwa mmoja ambaye sikutaka kumtazama: ile namba ya mkononi.

Fikiria vizuri kilomita nne za kwanza. Nikimsikia mtu anasimulia kisa kama changu huwa nasema alianza kwa fujo, akajisahau, akafuata wenye mbio zao. Mimi sikujisahau. Nilikuwa sekunde 12 tu mbele ya mpango. Niliutii mpango kwa uaminifu, na mpango ndio uliokuwa mbovu. Ulitengenezwa kwenye tambarare, usawa wa bahari, na miezi mitatu ya matumaini ikaongezwa juu yake. Kisha nikaupeleka kwenye barabara inayopanda karibu mita 300 ndani ya kilomita chache, nikaendelea kuupigania hata mwili ulipokuwa unasema 171.

Kwa nini hatuoni? Nafikiri sababu moja ni picha tulizokulia nazo. Mtanzania akisikia riadha anamwona Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, anatoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakuna anayemkamata hadi rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Anamwona Juma Ikangaa anavyoongoza marathon kubwa, akishinda New York mwaka 1989 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, moja kati ya hizo, ya 1988, kwa sekunde moja tu. Ni watu wa kujivunia kabisa. Lakini sisi wa Jumapili tumechukua kutangulia kwao tu, mazoezi yaliyowatangulia hatukuyachukua. Bayi alikuwa amejenga mwili wa kukimbia vile. Mimi nilikuwa nimejenga mwili wa Daraja la Tanzanite.

Siku hizi tuna picha nyingine, na natamani ikae kichwani mwa watoto wetu kama ile ya Bayi. Septemba 2025, Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alikaa ndani ya kundi kwa kilomita zote za marathon. Mjerumani Amanal Petros akawa mbele hadi mita za mwisho kabisa uwanjani, na Simbu akampata kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sekunde 0.03 tu, yaani sehemu tatu kati ya mia moja za sekunde moja. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni, na nililia.

Kurudi

Mwaka uliofuata nilibadilisha mambo mawili.

La kwanza lilikuwa mahali pa mazoezi. Alhamisi niliacha Coco Beach nikawa naenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako barabara zina miinuko ya kweli. Nilipanda polepole, na zaidi nilishuka: hatua fupi, mguu unatua chini ya mwili badala ya mbele yake, bila kujiegemeza nyuma. Mara ya kwanza mapaja yaliuma siku tatu. Mara ya tatu hayakuuma kabisa. Hukohuko nilijipima, nikaona kwamba kwa mapigo 160 tambarare inanipa dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita, na mwinuko unanipa dakika 6 na sekunde 35, kwa jasho lilelile. Tofauti ya karibu dakika nzima kwa kilomita. Laiti ningeipima mwaka mmoja kabla.

La pili, sikuandika kitu mkononi. Mpango ulikuwa wa pumzi: hadi nifike juu niwe ninaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Nilichagua sentensi, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu," na nilikuwa naisema kwa sauti kila baada ya kilomita. Ikikatika katikati, napunguza.

Uwezo wangu haukuwa umebadilika sana. Novemba ile nilikimbia tena kilomita 21 za tambarare hapa Dar kwa saa 1, dakika 53 na sekunde 40, sekunde 50 tu pungufu ya mwaka wa nyuma. Asiyeamini mengine yote aangalie hapo.

Moshi, kilomita nne za kwanza zilinichukua dakika 23 na sekunde 20. Ilikuwa ngumu kuliko mlima. Watu walinipita kwa makumi, akina mama wenye umri wa mama yangu, vijana wanaocheka, kijana aliyevaa bendera. Mapigo 154. Nikasema sentensi yangu. Mwinuko ulipoanza sikubadilisha kitu, nikafupisha hatua, na kuanzia kilomita ya 8 nikaanza kuwapita waliosimama. Safari hii niligonganisha viganja na kila mtoto niliyemfikia.

Nilipofunga kilomita ya 11 nikatazama saa: saa 1, dakika 9 na sekunde 25.

Mwaka wa kwanza, mahali palepale, ilikuwa saa 1 na dakika 9 kamili. Sekunde 25 tu. Nilikuwa nimeondoka polepole kwa dakika 2 na sekunde 40 ndani ya kilomita nne, sikusukuma mahali popote, na nilikuwa nimefika juu karibu wakati uleule na yule mtu aliyepigana na mlima hadi akaishia kutembea. Yeye alifika amemalizika. Mimi nilifika naweza kuimba.

Kilomita 10 za kurudi mwaka wa kwanza zilinila saa 1, dakika 6 na sekunde 55. Safari hii dakika 53 na sekunde 52. Nilimaliza kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 17. Nilipunguza dakika 12 na sekunde 38, na hakuna hata sekunde moja kati ya hizo niliyoipata kwenye kupanda. Yule dada wa kundi letu alikuwa amesema muda wa Dar uongeze dakika kumi. Nilimtafuta uwanjani nikamwomba radhi, akacheka.

Kuna jambo lilibaki linanisumbua: kilichoniokoa ni mwendo wa mwanzo, au ni mazoezi ya kushuka Mlimani? Jibu nililipata kwa mwenzetu mmoja. Tulifanya mazoezi pamoja kila Alhamisi, na kwa uwezo tunalingana, lakini yeye aliondoka Moshi kwa mwendo wa Dar kama mimi mwaka wa kwanza. Kilomita ya 9 alikuwa anatembea, kama mimi. Ila kushuka hakubanwa misuli hata kidogo, alikimbia hadi mwisho, akapata saa 2 na dakika 9. Kwa hiyo mimi nagawanya hivi: mteremko wa Mlimani ulimwokolea dakika sita au saba, na ule mwanzo wa haraka ukamla dakika nyingine sita. Vyote viwili vina uzito, na kimoja hakilipi deni la mwenzake.

Kwa wanaoanza kwenye kundi letu nimeacha kuwauliza wanalenga muda gani Moshi. Nawauliza Alhamisi watakuja Mlimani saa ngapi.

Kwenye namba zangu za mara ya pili bado kuna kosa moja. Kilomita ya 20 nilikimbia kwa dakika 5 na sekunde 4, ya 21 kwa dakika 4 na sekunde 58, zikiwa ndizo za haraka kuliko zote, na nilivuka mstari nikiwa sijachoka inavyotakiwa. Maana yake mwanzo nilijizuia kupita kiasi. Februari ijayo nitaondoka kwa dakika 5 na sekunde 40 badala ya 50, sentensi nitaisema ileile, na nikifunga kilomita ya 11 kabla ya saa 1 na dakika 8 nikiwa bado naweza kuimaliza, nitashuka nikitafuta kumaliza ndani ya saa mbili.